Tupeane uzoefu: Mliojifunzia ulezi wa watoto kazini, Tanga na kwingineko

Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo vipi. Mdogo wangu kamaliza kidato cha nne, cherehani hataki, saluni hataki. Anataka kulea watoto, na si uyaya wa ndani, anataka kazi ya kituo. Kuna mama mmoja Chumbageni mwenye kituo cha kulelea watoto mchana, amesema yuko tayari kumpokea ajifunze huku akifanya kazi. Mzee nyumbani anasema huko ni kutumikishwa bure, bora tuchange ada ya chuo. Mliopita njia hii tupeni yenu: malipo, cheti, na mtu anafundishwa nini hasa.

Mama Swaumu wa Makorora
Mimi niliingia kama mpika uji. Bi mkubwa mwenye kituo ni mwalimu mstaafu, akaniona kila nikimaliza jikoni nasimama mlangoni mwa darasa natazama. Akaniita ndani. Darasani kwake hakukuwa na ubao wala notsi, ilikuwa "kaa hapa, angalia, halafu uniambie umeona nini".

Kulikuwa na mtoto wa miaka 2 anang'ata wenzake vibaya mno. Walezi wengine walikuwa wakimtenga kona. Bi mkubwa akanipa daftari: kila aking'ata andika ni saa ngapi, alikuwa karibu na nani, kabla yake kulitokea nini. Ikaonekana karibu kila mara ni saa ya uji, watoto wamepangwa kwenye benchi wamebanana, wanasubiri vikombe. Tukaondoa benchi. Tukatandika mikeka, na kila aliyenawa mikono anapewa kikombe chake hapo hapo, hakuna kusubiriana. Kung'ata kukapungua mpaka kukaisha. Chuoni nisingelipata hilo, kwa sababu chuoni hakuna mtoto wa kung'ata.

Malipo: mwanzoni nauli na chakula, baadaye posho. Cheti sikupata, na hilo linaniuma mpaka leo. Nikihama kituo naonekana sijui kitu.

Dogo wa Pongwe
Wanaume tupo, ila tunaangaliwa kwa jicho la pembeni. Siwalaumu wazazi. Kituoni kwetu mlango haufungwi, na hakuna mlezi, mke wala mume, anayembadilisha mtoto nepi peke yake mahali pasipoonekana. Utaratibu huo unamlinda mtoto na unanilinda na mimi.

Sifa yangu ni zana za kufaragua. Vizibo vya soda vya kuhesabia, vifuu vya kupimia mchanga, kauri za kupanga kubwa na ndogo, kamba za mkonge za kutungia (Tanga tukose kila kitu, mkonge tuukose?).

Onyo: kituo cha kwanza nilichokwenda nilifua nepi, nikamwagilia bustani, nikatumwa na sokoni. Watoto niliwaona kwa mbali. Mwanagenzi, yaani anayejifunzia kazini, asipokaa na watoto ni kibarua tu. Makubaliano yawe kwenye karatasi.

Mtanga Leicester
Nimesomea kazi hii kwa uanagenzi huku Uingereza, kwa hiyo nawapa ya huku. Unaajiriwa kituoni kwa mkataba na mshahara. Kima cha chini cha mwanagenzi ni kidogo kuliko cha wafanyakazi wengi, lakini kipo kisheria, na saa za masomo zinalipwa kama saa za kazi. Ngazi ya 2 unakuwa msaidizi, ngazi ya 3 ndiyo ya mlezi kamili. Kabla ya yote wanachunguza kama una rekodi ya makosa ya jinai.

England idadi nayo imepangwa: mlezi mmoja kwa watoto 3 walio chini ya miaka 2. Wa miaka 2 walikuwa 4 kwa mlezi, tangu Septemba 2023 ni 5.

Ila kilichonikaa zaidi ni huduma ya kwanza. Mtoto wa chini ya mwaka akipaliwa na kitu, hewa haipiti, hatoi hata sauti, haminywi tumbo hata siku moja. Unamlaza kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kiwe chini kuliko kiwiliwili, unampiga kwa kiganja katikati ya mabega mara 5. Kisipotoka unamgeuza chali, unambonyeza kifuani mara 5 (sisi tulifundishwa kwa vidole viwili), unarudia, na mwenzako huku anaita msaada. Mdogo wako aulizie kama Chumbageni wanafundisha hilo.

Mleta mada
Mmoja kwa 3? Huyo mama akisikia atacheka mpaka machozi. Hilo la kupaliwa nimelinakili.

Mwalimu wa Barabara ya 8
Msilione jambo hili kama la Ulaya. Shule za awali za madrasa, mradi wa Aga Khan Foundation, zilianzia Mombasa mwaka 1986, Unguja zikafika 1990. Ziliwachukua akina dada wa mtaa huo huo, wakafundishwa huku wanafundisha, na mkufunzi akiwafuata darasani kwao. Pwani yetu tunaijua njia hii zamani.

Kuhusu mzee, ana hoja. Mkoani kwetu, Lushoto, kuna chuo cha ualimu wa Montessori, ule mtindo wa kufundisha watoto wadogo kwa zana na vitendo. Aanze Chumbageni aone kama anaipenda kazi kweli, ada ifuate. Na kituo kiwe kimesajiliwa, maana Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka hivyo. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri ukaulize, hawalipishi kwa kuuliza. Akimaliza apewe barua yenye muhuri ikitaja alilea watoto wa umri gani na kwa muda gani.

Fundi Saleh
Mimi fundi ujenzi, ujuzi wa mtaani, VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, walinipima wakanirasimishia nikapata cheti. Akina Mama Swaumu nao wafanyiwe hivyo hivyo, kwani kulea ni kazi ndogo kuliko kupanga tofali?

Mama Swaumu wa Makorora
Mwambie tena Saleh!

Shemeji wa Duga
Mleta mada, huyo mama anachukua mmoja tu? Mke wangu ana umri wa miaka 30 na kitu, ameshalea wa kwetu wote, anatafuta pa kuanzia. Njoo inbox.