Mjadala: Je, Shelisheli walikosea kuinyima India kisiwa cha Assumption?

Mleta mada:

Wakuu, hili linatuhusu watu wa pwani kuliko tunavyodhani. Assumption ni kisiwa cha Shelisheli, lakini kipo zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Mahe ulipo mji mkuu, Victoria. Fungua ramani uone: kipo karibu zaidi na Mtwara kuliko na Mahe. Hapo ndipo India ilitaka kukarabati kiwanja cha ndege na kujenga gati la meli za ulinzi. Makubaliano yalianza Machi 2015, Waziri Mkuu Modi alipotembelea Shelisheli, yakaandikwa upya na kusainiwa Januari 2018. Kisha mkataba ukavuja mtandaoni, wananchi wakaandamana Victoria, na upinzani wa Wavel Ramkalawan, uliokuwa na wabunge wengi tangu 2016, ukagoma kuridhia. Juni 2018 Rais Danny Faure akatangaza kwamba mkataba haupelekwi tena bungeni.

Mimi nasema walifanya sawasawa. India si adui yao. Maharamia wa Kisomali walipotanda baharini, boti ya doria ya Topaz, iliyotoka India, ndiyo iliyowakabili mwaka 2010. Ninachopinga ni kumpa mkubwa ardhi. Boti ya msaada ina nahodha wako na inafuata amri yako. Gati alilojenga yeye, kwa fedha zake, likitunzwa na watu wake, utalitolea amri gani?

Na wale wana historia. Mwaka 1965 Uingereza ilivimega visiwa vyao vya Aldabra, Farquhar na Desroches, ikaviunganisha na visiwa vya Chagos kuwa koloni la shughuli za kijeshi, na Mahe ikajengewa uwanja wa ndege kama fidia. Kambi ilipangwa kujengwa Aldabra, kilomita 27 tu kutoka Assumption. Wanasayansi wakapiga kelele kwa ajili ya kobe wakubwa wa pale, na mwishowe mpango ukaachwa. Visiwa hivyo vitatu vilirudishwa kwenye uhuru, 1976. Watu wa Diego Garcia, kisiwa kikubwa cha Chagos, walihamishwa wote, na pale pakawa kambi ya Wamarekani.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, umeongea kwa uchungu, lakini bahari hailindwi kwa uchungu. Nchi ya watu kama laki moja ina eneo la bahari la zaidi ya kilomita za mraba milioni 1.3. Heroini inapita humo, wavuvi haramu wanapita humo. Mwenye nguvu mpishe. Mauritius waliikubalia India kujenga kwenye kisiwa chao cha Agalega, na Februari 2024 wakazindua njia ya ndege ya kilomita 3 pamoja na gati. Zamani watu wa Agalega walitegemea meli iliyofika mara chache kwa mwaka. Shelisheli wamepata nini?

Mleta mada:

Wamepata mengi tu. Juni hiyohiyo ya 2018 Faure alikwenda New Delhi, na India ikamtangazia mkopo wa dola milioni 100 kwa ajili ya ulinzi pamoja na ndege ya pili ya doria aina ya Dornier. Kabla ya hapo China ilishawapa ndege mbili aina ya Y-12, na Umoja wa Falme za Kiarabu ulishawajengea kituo cha walinzi wa pwani. Walisema hapana, na India haikuwasusa. Kuhusu Agalega, serikali iliyosaini ilikataa kuuweka mkataba hadharani, kwa hiyo mtu wa pale anaitazama njia ya ndege mbele ya nyumba yake bila kujua nchi yake imeahidi nini.

Mchangiaji wa pili:

Mbona baadaye, Ramkalawan akiwa rais, mwekezaji wa Qatar akakodishiwa sehemu ya Assumption hiyohiyo ajenge hoteli ya kifahari? Wanajeshi hapana, matajiri karibu?

Mleta mada:

Ndugu, hapo umegusa penyewe, na hoteli ile siitetei. Wanamazingira waliipinga, ikaingia hadi kwenye kampeni za 2025, na Ramkalawan akashindwa na Patrick Herminie. Sisemi ni hoteli peke yake iliyomwangusha. Ila ardhi ya kisiwa kama kile, aitake mwanajeshi au mwenye hoteli, mkataba wake ulipaswa kusomwa bungeni kifungu kwa kifungu kabla tingatinga la kwanza halijashushwa.

Nakurudia wewe wa kwanza: ulinzi gani ungepatikana Assumption tu, ambao boti, rada na ndege zinazoongozwa na Washelisheli wenyewe haziwezi kuufanya? Nitajie mmoja.