Kibanda mkabala na uwanja unaojengwa, nichukue ama niwache?

MamaKarai: Salam wadau. Mimi nauza viazi karai na mishkaki jioni, sasa kuna kibanda kimetoka mkabala na uwanja wa mpira unaojengwa hapa Mombasa kwa pesa za serikali, mwenyewe ataka gudwili (pesa ya kuachiwa kibanda, mbali na kodi) 150,000 na kodi 25,000 kwa mwezi, aniambia uwanja ukifunguliwa nitakosa pa kuweka pesa. Juzi nimeenda kutazama, mabati ya uzio yashashika kutu na mbuzi wawili wala majani pale patakapokuwa goli, lakini fundi mmoja kaniapia mwaka hauishi. Pesa ninazo za chama. Mume wangu asema serikali haiwezi kumwaga mabilioni pasipo na faida. Keshokutwa nataka kumpa jibu.

Mvita_Damu: Chukua! Ukisita atachukua mwingine halafu uje ulie hapa.

MhasibuTudor: Dadangu tulia tupige hesabu. Ligi kuu ina timu 18, kwa hivyo hata timu ikihamia hapo mechi za nyumbani ni 17 msimu mzima. Tuseme kila mechi wewe wabaki na faida ya 8,000, na hapo nimekupendelea, ni 136,000. Kodi ya mwaka ni 300,000, gudwili bado. Hizo siku nyingine 348 utawauzia mbuzi?
Na mumeo mwambie hayo mabilioni humwagwa sana. Seattle kule Marekani walifungua uwanja wa Kingdome 1976, mwaka 2000 wakaulipua kwa baruti na deni likaja kuisha 2015, miaka 15 watu walipia kifusi.

Mvita_Damu: Hayo ya kwao, huku AFCON 2027, kombe la mataifa ya Afrika, yaja.

BintiLikoni: AFCON yenyewe twagawana na Uganda na Tanzania, mashindano ni wiki chache halafu je? Na kuna jambo watu hawalioni, ile familia ya kwenda Mama Ngina kule ufuoni Jumapili kula mihogo na madafu ikija uwanjani ikala kwako, yule wa mihogo siku hiyo kalala njaa. Pesa imehama tu mfuko, Mombasa haijaongeza kitu. Wachumi walishayapima haya zamani, wengi wao hawataki viwanja vijengwe kwa ushuru wa watu. Pesa mpya ni ya mgeni anayelala hoteli, na mechi ya ligi wageni ni basi moja la mashabiki na mkate wao wamebeba 😂

KochaMchangani: Mimi nafunza watoto mpira kwenye mchanga na chupa zilizovunjika, uwanja nautaka jamani. Ila tusidanganyane kuwa ni biashara, ni huduma kama maktaba, na kwenye vikao vya bajeti tuulize nani atalipa stima na maji ya nyasi sisi wenyewe maji twanunua kwa jerikeni. Kule Nairobi uwanja wa Talanta pesa zake zimetoka kwa bondi, yaani mkopo wa wawekezaji, ya karibu bilioni 45, aliyenunua bondi ana riba yake kama asilimia 15, mechi iwepo isiwepo. Wewe wa viazi nani amekuahidi riba?

MamaKarai: Hapo kwa mbuzi nimecheka peke yangu kama mwehu. Basi ntamwambia gudwili sitoi na kodi ianze siku ya mechi ya kwanza. Akikataa?

MhasibuTudor: Akikataa ushajua yeye mwenyewe auaminije huo uwanja. Tafuta mkokoteni, siku ya mechi usukume hadi getini.

KochaMchangani: Mkokoteni ninao, gurudumu moja tu limekufa.