Karani wa mizani, mdomo wako unawarudisha wazee wetu kwa walanguzi wa kangomba!

Wakuu, salaam. Niko Tandahimba. Nimetoka kwenye mizani ya AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, sasa hivi na mikono bado inatetemeka, mnivumilie nikiandika ovyo.

Asubuhi nimempeleka mama mkubwa na magunia yake mawili ya korosho. Ana miaka sabini na ushee, kaziokota mwenyewe na mgongo wake ule. Zamu yake ilipofika gunia likamwagwa kwenye turubai. Karani akachukua korosho mbili, akazitikisa sikioni, akacheka. Halafu kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Bibi, hizi umeziokota kwa jirani usiku? Ndiyo maana zina umande!"

Foleni nzima kicheko. Mama mkubwa akaanza kuzirudisha kwenye gunia kwa viganja, kimya, anapepeta mchanga kidogo kidogo.

Sikatai, hazikuwa zimekauka. Mvua ya wiki iliyopita ilituvuruga, na unyevu ukizidi zinaozea ghalani, hasara yetu sote. Kuzikataa ni kazi yake. Lakini hapo panahitaji maneno mangapi? "Mama, hazijakauka, kazianike siku mbili urudi." Basi!

Nilipomvaa akanijibu eti nakuza mambo, sisi ni watani. Jamani, utani huku kusini tumezaliwa nao. Mtani anakuja msibani kwangu, anamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, tunacheka huku tunalia. Ila siku yake ikifika na mimi namlipa. Mama mkubwa angemlipa nini mtu aliyeshika mizani na kitabu cha risiti? Tena mwizi wa korosho si neno la mzaha vijijini kwetu, mtu anapigwa kwa hilo.

Na mimi niliharibu, nakiri. Nilimporomoshea matusi mbele ya akina mama, hadi mwenyekiti akaja kunishika bega: "Mwanangu, maneno mazuri humtoa nyoka pangoni." Sawa mzee, lakini nyoka ndiye aliyekaa kwenye mizani! Matokeo yake magunia yangu, makavu kabisa, yamewekwa pembeni "kusubiri uhakiki". Uhakiki wa nini, sijaambiwa.

Msimu wa 2018 Serikali ilipoleta wanajeshi kusomba korosho, wale wana bunduki, na bado walimpa mama mkubwa shikamoo yake. Huyu ana kalamu tu.

Sasa bibi amegoma, harudi pale. Kuna kijana wa kangomba anapita na pikipiki. Anaanza na shikamoo, anauliza mgongo unaendeleaje, anakaa mkekani, kisha anampimia kwa bakuli na kumpunja mchana kweupe. Tangu stakabadhi ghalani (unapeleka korosho ghalani kupitia chama, unapewa risiti, zinauzwa kwa mnada) ianze huku 2007 tunahubiriwa tuache kangomba tupate bei ya mnada. Halafu anayetusukuma huko ni mtu anayelipwa kwa makato yetu!

Anayejua lalamiko kama hili linaanzia wapi, kwenye bodi au kwa afisa ushirika wa wilaya, anielekeze haraka. Korosho tumezianika upya hapa uani, keshokutwa zitakuwa tayari, na yule wa pikipiki ameshaziulizia mara mbili.