Naomba ushauri: kunyoosha nyonga zilizokaza, umri miaka 47

Habari zenu wakuu. Mimi ni fundi cherehani, nashinda nimekaa. Siku hizi nikichuchumaa kuokota sindano, nyonga zinakaza, kuinuka mpaka nishike meza. Daktari kanikagua magoti, kasema ni mazima, nifanye mazoezi tu.

Shirika la Afya Duniani linashauri kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki. Hilo naliweza nyumbani kwa pushapu za ukutani na kuchuchumaa. Ninapokwama ni kunyoosha nyonga na misuli ya nyuma ya paja. Nifanye asubuhi mwili ukiwa baridi, au jioni nikishatembea? Kila mkao niushikilie sekunde ngapi? Wenye kazi za kukaa, mlianzaje? Nataka nikifika miaka 60 niwe bado nasujudu bila kiti.