Kwa nini gari nzima ife kisa kipande kimoja?

spana_13: Wakuu, hili linanikera muda mrefu. Gari bodi safi, injini inadunda, halafu inapelekwa skrepa kisa kompyuta ya gia imekufa na mpya bei yake haishikiki. Kwa nini wasitengeneze gari ya vipande vya kufungua na kufunga, kikichoka hiki unatoa unaweka kingine, gari ikaishi hata miaka 30?

fremu: Vimeshafanyika mkuu. Smart, kale kagari kadogo ka mjini ka 1998, ilikuwa fremu ngumu ya chuma iliyovalishwa paneli za plastiki, ukigongwa unabadili paneli basi. Citroën Ami ya 2020, kagari kadogo ka umeme, ndo kiboko, mlango wa kushoto na wa kulia ni kitu kimoja, ndo maana hata kufunguka vinafunguka tofauti.

fundi_umeme: Tatizo kubwa liko kwenye viungio. Bolti inafunguka, gundi na weldi ni vita. Angalia betri za gari za umeme, Nissan Leaf za mwanzo betri ilikuwa na moduli 48, yaani vipande vya kufungua, kila kimoja na seli (betri ndogo) chache ndani, ikizingua moja unatoa hiyo hiyo, sasa kuna pakiti (betri nzima ya gari) ambazo seli zimemwagiwa povu likagandia humo na pakiti yenyewe ndo imekuwa sakafu ya gari, nyepesi na imara kweli ila ikiharibika kidogo unabadili yote. Mi naona boksi linalolinda watu kwenye ajali libaki moja, likikatwakatwa linaongeza uzito na makelele, ila betri, elektroniki, skrini, siti na taa lazima vifunguke.

mzunguko: Na programu jamani! Unapata kipande yuzdi kizima kabisa, gari inakikataa mpaka kompyuta ya kampuni ikitambue. Hapo sheria iingie. Ulaya wana sheria tangu 2000 inayotaka asilimia 85 ya uzito wa gari itumike tena au irejelezwe, lakini inapima uzito tu, kwa hiyo hata ukisaga gearbox nzima ukayeyusha inahesabika, wakati kuikarabati kunaokoa kazi yote iliyoitengeneza. Renault walianza kukarabati injini kiwandani Choisy-le-Roi mwaka 1949 kwa hiyo inawezekana.

spana_13: Kwahiyo moduli mpya ya betri inaweza kuingia gari ya zamani?

fundi_umeme: Kama matundu ya bolti, plagi, volti na mawasiliano ya kompyuta vimebaki vilevile, ndiyo. Kampuni ikubali kushikilia vipimo hivyo miaka 20 hata modeli ikibadilika, hapo ndo wengi wanakwepa.