Tupeane uzoefu: kuandikisha lugha za nyumbani na Kiingereza mtaani Nairobi

Mwanzisha mada: Mnaopita nyumba kwa nyumba kwa niaba ya zahanati, shule au kanisa, mnaulizaje? Swali likikaa vibaya, tangazo linachapishwa kwa lugha isiyosomwa na mtu.

Karani wa Kawangware: Usiulize "lugha yenu ni gani?" Utatajiwa kabila. Mtu atakwambia Kikamba ilhali watoto wake hawajui hata salamu ya Kikamba. Uliza mara tatu: wazazi wao kwa wao wanaongea nini, mama akimtuma mtoto dukani anamtuma kwa lugha gani, na watoto wakicheza kwenye ploti je? Nyumba moja inaweza kukupa Kilogooli, Kiswahili na Sheng, kwa mpangilio huohuo. Sheng ipe safu yake. Wazazi huificha, ila swali la tatu huitoa. Na usiandike "Kiluhya" ukaondoka. Mbukusu na Mlogooli wote ni Waluhya, lakini hawaelewi lugha ya mwenzake kirahisi, kwa hiyo mkalimani anaweza kuja na asisaidie kitu.

Mkalimani, Eastleigh: Huku "Kisomali" nacho hakitoshi. Kuna Af-Maxaa, inayoongewa na wengi, na kuna Af-Maay, na mzee wa Af-Maay anaweza kutikisa kichwa kwa adabu bila kuelewa maelezo ya daktari. Jirani yake anaongea Kiborana, ambacho ni Kioromo. Ukifika Kibra, ongeza Kinubi kwenye fomu. Kilitokana na Kiarabu, lakini ukileta mtu wa Kiarabu cha vitabuni hamtafika mbali.

Mwalimu wa gumbaru (elimu ya watu wazima): Kuhusu Kiingereza, fomu ya utafiti wa kila mwaka wa Ofisi ya Sensa ya Marekani humtaka mtu ajipime mwenyewe kwa ngazi nne: vizuri sana, vizuri, si vizuri, hajui kabisa. Aliye chini ya "vizuri sana" huhesabiwa kuwa na Kiingereza haba. Nairobi, kujipima huko kunapotosha mno. Aliyemaliza Fomu Foo atasema "kidogo tu" kwa unyenyekevu, na mwenye maneno ya mjini atajipa alama zote. Mpe kazi. Asome ujumbe wa tokeni za stima, akuonyeshe nambari ya kuingiza kwenye mita. Asome pakiti ya dawa iliyoandikwa 1x3, aseme atameza ngapi na mara ngapi. Asome barua ya shule, aseme siku ya mkutano.

Kusoma na kuongea ziwe safu mbili. Wapo wengi wanaosoma Kiingereza wasichothubutu kukitamka, na wanaoongea Kiswahili siku nzima lakini Kiswahili sanifu cha serikali kinawachosha.

Karani wa Kawangware: Nenda Jumapili alasiri. Katikati ya wiki utamkuta dada wa kazi, na atakujibu lugha ya kwao.

Mkalimani, Eastleigh: Mtoto asitumiwe kutafsiri habari za ugonjwa, ataruka anachokionea haya. Mahakamani, Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 kinampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi mkalimani bila malipo. Aombe kabla hajasomewa mashtaka, na ataje lugha kamili, si kabila.