Kamati ya Viwanja na Ukumbi: kabla ya msingi wa kwanza

Katibu: Habari za jioni wanakamati. Eneo limeshapimwa: mita 180 kaskazini hadi kusini, mita 110 mashariki hadi magharibi, karibu ekari 5. Maji yanashuka kutoka kona ya kaskazini-mashariki kuelekea kusini-magharibi. Kisima kipo kona ya kusini-mashariki. Wananchi wameomba uwanja wa mpira wa miguu, uwanja wa pete na wavu, ukumbi wenye jukwaa, chumba cha kusomea na bembea za watoto. Karibuni.

Mwakilishi wa Vijana: Shikamooni wakubwa. Sisi tunaomba uwanja wa mpira utangulie, na uwe kamili, 105 kwa 68.

Mama Utamaduni: Marahaba mwanangu. Lakini ukumbi ndio unaotumika na wote, mvua na jua.

Fundi Mkuu: Kabla ya kubishania cha kwanza, uchorwe mchoro mmoja wenye vyote, pamoja na vile ambavyo fedha yake haijaonekana. Kijiji kinachokua kikikosa mchoro, kila mradi unaokuja unachukua kipande kilichonyooka, na baada ya miaka michache ukumbi umekaa katikati ya njia ya maji na choo kimejengwa juu ya kisima. Hapo hakuna kurekebisha, ni kubomoa.

Mwalimu wa Michezo: Sahihi kabisa Fundi. Nawapa vipimo ili mchoro usibahatishe. Sheria za mpira zinaruhusu urefu wa mita 90 hadi 120 na upana wa 45 hadi 90, kwa hiyo 105 kwa 68 si lazima, ila inaenea hapa. Ongeza mita 5 nyuma ya kila goli na mita 3 kila upande ili mchezaji asigonge mtu wala ukuta. Jumla 115 kwa 74. Urefu ulale kaskazini-kusini, la sivyo jioni golikipa mmoja anadaka mpira huku jua liko machoni.

Mwakilishi wa Vijana: Basi upana unabaki mita 36, na upande mmoja wa urefu unabaki mita 65.

Mwalimu wa Michezo: Vizuri. Mita 6 ziwe magharibi kwa watazamaji, ili jioni jua liwe mgongoni mwao. Mita 30 zibaki mashariki. Humo unaingia uwanja wa pete: 30.5 kwa 15.25, na mita 3.05 kila upande, yaani sakafu ya 36.6 kwa 21.35. Sakafu hiyohiyo inabeba wavu, 18 kwa 9 na nafasi ya mita 3 kuzunguka. Hata kikapu, 28 kwa 15, kinaenea. Kila mchezo na rangi yake ya mistari. Nguzo zisizikwe moja kwa moja kwenye zege. Zizikwe bomba fupi zenye vifuniko, nguzo zichomekwe na kuchomolewa. Nguzo ya wavu iliyobaki katikati ya mchezo wa pete inavunja watu meno.

Fundi Mkuu: Niongeze kuhusu hiyo sakafu, maana ndiyo inayomeza saruji kuliko watu wanavyodhani. 36.6 kwa 21.35 ni mita za mraba 781. Kwa unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 78. Mchanganyiko wa 1:2:4, yaani saruji, mchanga na kokoto, unakula mifuko 6 na kitu ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo tukae kwenye mifuko karibu 500. Isimwagwe kama bamba moja: imwagwe kwa vipande vya mita 3 hadi 4, mkato kati ya kimoja na kingine, la sivyo zege litajichagulia lenyewe pa kupasukia. Mteremko wa asilimia 1 kuelekea upande mmoja. Imwagiliwe siku 7 mfululizo na ifunikwe. Zege linalokauka upesi kwa jua linatoa vumbi juu, na vumbi hilo ndilo linaloteleza.

Mweka Hazina: Mifuko 500 kabla ya ukumbi? Hiyo ni awamu ya pili au ya tatu, ndugu zangu. Kwa sasa udongo ulioshindiliwa na mistari ya chokaa unatosha, mradi eneo lake lisiguswe.

Mwalimu wa Michezo: Nakubali Mweka Hazina. Pete inachezeka vizuri kwenye udongo mgumu. Pete yenyewe iwe mita 3.05 kutoka chini, hapo tusipunguze.

Mwakilishi wa Vijana: Na nyasi za uwanja mkubwa? Vijana wako tayari kupanda.

Bwana Shamba: Ukoka, kijana wangu, wala si nyasi nyingine, na upandwe mvua zinapoanza. Fanya hesabu uone kwa nini. Uwanja ni mita za mraba 7,140. Milimita 5 tu za maji kwa siku ni lita 35,700. Hakuna tangi la kijiji litakalotoa hizo kila siku. Ukoka ukishashika mizizi unavumilia kiangazi: unakuwa wa kahawia, mvua ikija unarudi.

Namna ya kupanda: kwanguni udongo wa juu sentimita 15 muuweke kando, sawazisheni udongo wa chini, kisha mrudishe ule wa juu ukiwa umechambuliwa mawe. Wengi wanasawazisha kwa greda na kusukuma udongo mzuri pembeni, halafu wanashangaa nyasi hazishiki. Chukueni vipande vya ukoka vyenye mafundo 3 au 4, mzike theluthi mbili, ncha yenye majani ibaki nje, kwa nafasi ya sentimita 20 hadi 30. Asicheze mtu kwa miezi kama 3. Na hata baadaye, uwanja ukiwa umelowa usichezewe. Viatu vinashindilia udongo, maji yanakosa pa kuingia, na golini panakuwa dimbwi.

Fundi Mkuu: Hapo kwenye maji, uwanja usiwe bapa. Katikati pawe juu kuliko pembeni, mteremko wa asilimia 1. Nusu ya upana ni mita 34, kwa hiyo kitovu kinazidi mistari ya pembeni kwa sentimita 34. Macho hayaoni, maji yanaona. Na mfereji wa kukinga uchimbwe upande wa juu, kaskazini na mashariki, KABLA ya kusawazisha. Udongo unaochimbwa uende magharibi ukawe tuta la ngazi la watazamaji: kina cha kukalia sentimita 80, kimo 40. Ushindiliwe kila tabaka la sentimita 15. Ukimwagwa wote kwa mara moja utakaa vizuri mpaka masika ya kwanza, kisha utadidimia.

Muuguzi: Samahani kuingilia. Vyoo viko wapi kwenye mchoro? Nimesoma pete, wavu, ukoka, sijasoma choo.

Katibu: Haki yako dada. Pendekeza.

Muuguzi: Ukingo wa magharibi, kati ya ukumbi na uwanja, ili vihudumie pande zote mbili. Kisima kiko kona ya mbali, kwa hiyo ile mita 30 ya chini kabisa kutoka chanzo cha maji inapita kwa mbali. Sakafu ya shimo iwe juu ya maji ya ardhini kwa mita 1.5 au zaidi, na kimo hicho kipimwe wakati wa masika, si kiangazi. Matundu ya wanawake yawe mengi kuliko ya wanaume, foleni zao ni ndefu kila penye mkusanyiko. Kimoja kiwe na mlango wa sentimita 90 na nafasi ya kugeuza kiti cha magurudumu. Vyoo vianze kutumika kabla ya mechi ya kwanza. Watu wakizoea vichakani mwezi mmoja, kuwarudisha ni kazi ya mwaka.

Mama Utamaduni: Sasa tuje kwenye ukumbi jamani.

Fundi Mkuu: Ukumbi ukae kaskazini-mashariki, palipo juu na pakavu. Napendekeza 12 kwa 20. Jukwaa mita 5 kwa upana wote, zinabaki mita za mraba 180. Kila aliyeketi akipata 0.9 pamoja na njia, ni watu 200. Milango miwili mipana, pande tofauti, yote ikifunguka KWENDA NJE. Umati ukikimbilia mlango unaofunguka ndani, unaufunga kwa uzito wake wenyewe. Kwa kuwa madirisha yatakuwa na nondo, milango ndiyo njia pekee, na isiwekwe kufuli watu wakiwa ndani.

Mama Utamaduni: Jukwaa liwe juu kiasi gani? Sentimita 80 itaonekana vizuri.

Fundi Mkuu: Njia ya kiti cha magurudumu inahitaji sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kimo. Jukwaa la 80 linadai mita 9.6. La 60 linadai mita 7.2, tunaweza kuipitisha nje na kuingilia mlango wa nyuma. Ukumbi wenyewe ni mfupi, 60 inatosha hata kwa aliye mstari wa mwisho.

Mama Utamaduni: 60 basi. Lakini nisikilizwe kwenye sauti, maana kumbi nyingi zinaharibika hapo. Bati tupu mvua ikinyesha, hotuba imekwisha. Dari ni lazima. Ukuta wa nyuma unaotazama jukwaa ukiwa plasta tupu, sauti inarudi na maneno yanagongana. Tuuvike mikeka minene au vitambaa vizito, viachwe sentimita 5 kutoka ukutani. Nyuma ya jukwaa viwe vyumba viwili vya kubadilishia mavazi na stoo ya ala. Ngoma za ngozi zisigusane na ukuta wala sakafu: unyevu unalegeza ngozi, na jua la dirishani linaipasua. Rafu ya mbao yenye mianya, hewa ipite chini na nyuma.

Mwalimu Mkuu: Na chumba cha kusomea nacho rafu zisizidi urefu wa sentimita 80 kati ya mhimili na mhimili. Vitabu ni vizito, rafu ndefu inapinda. Ziachwe sentimita 10 kutoka ukutani, kwa sababu ya mchwa.

Mweka Hazina: Fundi, kijiji kinakua. Tukihitaji viti 300?

Fundi Mkuu: Ndiyo maana upande wa mashariki, mkabala na jukwaa, pasijengwe chochote: si tangi, si choo, si mti mkubwa. Ukuta wa upande huo ubebwe na nguzo na boriti, matofali yajaze tu katikati. Siku ya kurefusha tunatoa matofali na paa halitikisiki. Leo inaongeza nondo chache, baadaye inaokoa ukuta mzima.

Bwana Shamba: Maji ya paa msiyaache. Paa la 14 kwa 22 na michirizi yake, mvua ya milimita 20 inatoa karibu lita 4,900 ukishaondoa zinazopotea. Hizo ni za vyoo na mikono. Zile za kwanza zenye vumbi zimwagwe.

Mwakilishi wa Vijana: Bembea nazo ziwe nyuma ya goli la kaskazini, pale patupu?

Muuguzi: Hapana mdogo wangu, mpira uliopigwa kwa nguvu unamkuta mtoto usoni. Ziwe kati ya ukumbi na uwanja wa pete, mahali mzazi anapaona. Bembea yenye mwamba ulio mita 2 kutoka chini iachiwe mita 4 mbele na 4 nyuma. Viti viwili tu kwa fremu moja, vya mpira wa gurudumu, si ubao. Chini mchanga wa sentimita 30, ukiwa unachambuliwa na kurudishiwa kila unapopungua. Popote penye nafasi kati ya vyuma, iwe chini ya sentimita 9 au zaidi ya 23. Katikati ya hapo mwili wa mtoto unapita na kichwa kinanasa.

Mwalimu wa Michezo: Na magoli ya kuhamisha yafungwe ardhini. Goli la chuma lenye upana wa mita 7.32 likimwangukia mtoto aliyening'inia, linaua.

Mweka Hazina: Ombi langu moja kabla ya kura. Kila jengo litengewe kila mwaka angalau asilimia 2 ya gharama yake kwa matengenezo, na liwe na mtu mmoja anayeshika ufunguo na daftari la nafasi. Bila hilo sitasaini awamu inayofuata.

Katibu: Hakuna pingamizi? Basi mpangilio ni: mchoro, mfereji, vyoo, kusawazisha na ukoka, bembea, ukumbi, kisha sakafu ya zege. Mama Utamaduni, umeridhika ukumbi kusubiri ukoka?

Mama Utamaduni: Nimeridhika, mradi msingi wake uwekewe alama Jumamosi hii hii na asilime mtu hapo.

Fundi Mkuu: Utawekewa. Jumamosi saa 1 asubuhi. Naomba vigingi 60, kamba, chokaa, na bomba jembamba la mpira la kupimia usawa kwa maji, mita 20. Pembe za mraba tutazipata kwa pembetatu ya kamba ya mita 6, 8 na 10. Tukimaliza uwanja mkubwa tunapima kona kwa kona: mita 125.1 pande zote mbili. Uwanja wa pete ni 34.1.

Mwakilishi wa Vijana: Vigingi tunakata sisi. Nyundo?

Fundi Mkuu: Leteni mbili.